Tangazo Lipo, Lakini Halionekani

Wilaya ya Kisarawe ina kata inayoitwa Masaki. Dar es Salaam nako kuna Masaki, ya mabalozi na hoteli za ufukweni, na ukiliandika jina hilo kwenye Google bila kuongeza neno, usitarajie kuletewa habari za wakulima. Kongowe ziko mbili: moja Kibaha kando ya barabara ya Morogoro, nyingine Mbagala, njia ya Kilwa. Kisarawe ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ilhali Kisarawe II ni kata ya Kigamboni, mkoa mwingine kabisa. Kibaha yenyewe ina halmashauri mbili: ya mji, ambayo sasa ni Manispaa, na ya wilaya, yenye makao Mlandizi. Tovuti zake zilipoanzishwa zilipewa majina yaliyopishana kwa herufi moja tu, kibahatc na kibahadc.

Penye majina ya kugongana namna hii, kutafuta kitu kwa simu ni kazi, na kupatikana ni kazi zaidi. Nimewakalisha watu watano wabishane juu ya hili: tovuti isipoonekana, alaumiwe nani? Watu hao hawapo duniani. Ni hoja zinazozunguka Pwani, nikazipa midomo. Kuna fundi wa tovuti wa Maili Moja, afisa habari wa halmashauri, dalali wa viwanja wa Kisarawe, mama mwenye nyumba ya wageni karibu na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, na kijana anayetafuta kazi. Mimi nimejipa ruhusa ya kudakia.

FUNDI: Nianze mimi, maana mimi ndiye mtuhumiwa. Tovuti nyingi ninazoletewa zimejengwa kwa WordPress, programu iliyotoka mwaka 2003 na ambayo leo inabeba zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani. Uzuri wake, hata asiyejua msimbo anaandika na kuchapisha. Sasa, ndani ya mipangilio yake kuna kisanduku kidogo kinachoziomba injini za utafutaji ziipite tovuti bila kuiorodhesha. Mafundi tunakitia tiki wakati wa ujenzi ili kurasa za majaribio zisivuje. Siku ya uzinduzi keki inakatwa, picha zinapigwa, tiki inabaki palepale. Mwenye tovuti anakaa mwaka mzima akisema Google ina upendeleo.

MAMA: Na yangu je, mwanangu?

FUNDI: Yako, mama, haina tiki. Yako ina kichwa kinachosema Home. Mtu akitafuta pa kulala karibu na msitu, kichwa cha ukurasa ndicho kitu cha kwanza anachokisoma kwenye matokeo. Tovuti ngapi duniani zina kichwa hicho? Halafu anwani za kurasa zako ni alama ya kuuliza na namba. Ukurasa wa bei za vyumba ungeitwa bei-za-vyumba, mtu na mashine wote wangeelewa kabla hata ya kuufungua.

DALALI: Mimi fundi wangu wa kwanza alinijazia maneno muhimu kule nyuma ya ukurasa, mengi kweli kweli: kiwanja, shamba, nyumba, Bagamoyo, hata mchezaji wa Simba alimtia. Akanihakikishia namba moja.

FUNDI: Alikula hela yako, mzee. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba orodha ile ya maneno muhimu haiihesabu kabisa katika kupanga matokeo. Na hiyo namba moja, wenyewe wanaonya kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nafasi hiyo. Anayekuuzia uhakika huo, mkimbie.

DALALI: Sawa, lakini shida yangu si namba. Mimi nauza viwanja Kisarawe, hii ya Pwani. Mteja ananipigia kutoka Mwanza, ananiuliza kiwanja kiko umbali gani na Daraja la Nyerere. Namwambia, kaka, daraja liko Kigamboni, mimi niko njia ya Pugu. Anakata simu. Anaona nimemgeuka, ni tapeli.

FUNDI: Umeandikaje kwenye ukurasa?

DALALI: Viwanja vinauzwa Kisarawe, bei poa, vimepimwa.

FUNDI: Basi hapo Google haina kosa. Umeiambia Kisarawe, yenyewe inazijua mbili. Andika Kisarawe mkoani Pwani, andika njia ya Pugu, taja Minaki. Na kama unavyo vya Kisarawe II pia, vipe ukurasa wake, uandike Kigamboni waziwazi.

Hapa namuunga mkono fundi. Sisi watu wa Pwani tumezoea kuelekezana kwa mambo ambayo msikilizaji tayari anayajua: shuka Picha ya Ndege, vuka, uliza kwa fulani. Kondakta anaelewa, bodaboda anaelewa. Mtu aliye Mwanza haelewi, na mashine haielewi kumzidi yeye. Kutaja mkoa, wilaya, kata na barabara katika aya moja kunamchosha mwenyeji anayesoma, nakiri, lakini tovuti haiandikiwi mwenyeji.

AFISA: Ndugu zangu, mnazungumza kama kila tovuti ni duka. Tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa mkupuo mwaka 2017, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliogharimiwa na Marekani, zikiwa na sura moja nchi nzima. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka Mamlaka ya kusimamia mambo haya. Mimi siweki wala siondoi plagini, zile programu za nyongeza. Kazi yangu ni kupandisha habari na matangazo. Na tangazo la serikali ni barua. Lina kumbukumbu namba, lina sahihi ya Mkurugenzi, lina muhuri. Nikiandika maneno matupu pasipo muhuri, jioni ileile yanazunguka WhatsApp watu wakiulizana kama ni feki. Kwa hiyo naskani.

FUNDI: Na faili unaliitaje, bosi?

AFISA: Linavyotoka kwenye mashine.

FUNDI: Yaani scan0047.

AFISA: Kama hivyo.

FUNDI: Na kichwa cha habari?

AFISA: TANGAZO.

FUNDI: Na lile la wiki iliyopita?

AFISA: Nalo ni TANGAZO. Kwani si matangazo yote?

Tusimcheke. Hoja yake ya muhuri ni nzito kuliko inavyosikika. Nchi hii imejaa matangazo ya ajira ya uongo na fomu za mikopo za uongo, na mwananchi amejifunza kutazama muhuri kwanza, maneno baadaye. Anayemwambia afisa aache kuskani anamwambia aache kuaminika.

FUNDI: Sijasema aache. Na wala sitasema Google haioni kitu, maana tangu mwaka 2008 imekuwa ikijaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya PDF zilizoskaniwa. Lakini karatasi imepinda, muhuri wa bluu umelala juu ya jina la kijiji, nakala yenyewe ni ya tatu kutoka kwenye nakala. Hata ikisoma, itamwonyesha mtafutaji nini? TANGAZO. Yakitokea kumi yenye jina hilo, afungue lipi? Na anayetumia simu ndogo atashusha faili la megabaiti kadhaa kwa bando lake, alivute kwa vidole viwili, alisome kwa kuhamahama kama anasoma ramani. Ninachosema ni hiki: andika maneno ya barua ile kwenye ukurasa, barua yenyewe iweke chini yake kama ushahidi.

AFISA: Nipe mfano, siyo nadharia.

FUNDI: Chukua mikopo ya asilimia 10. Halmashauri inatenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Barua yako inaitwaje?

AFISA: Tangazo kuhusu uwezeshaji wananchi kiuchumi.

FUNDI: Mama, wewe na kikundi chako mlipotaka kujua habari hizo, mlisachi nini?

MAMA: Niliandika "mkopo wa kina mama Kisarawe". Nikaletewa kampuni za kukopesha kwa simu, zile za riba ya kutisha.

Hapo ndipo mjadala ulipopaswa kuanzia. Mwenye kitu anakiita kwa jina la bajeti, mwenye shida anakiita kwa jina la shida. Uwezeshaji wananchi kiuchumi ni maneno ya kwenye taarifa ya robo mwaka. Sijapata kumsikia mtu akiyatamka kwenye daladala ya Mlandizi. Hakuna plagini itakayoziba pengo hilo, kwa kuwa plagini haijui mama amekusudia nini. Anayejua ni mtu anayekaa dirishani kuwasikiliza watu, na mara nyingi huyo haulizwi tovuti iandikwe nini.

Tena mikopo hii ina historia inayowapoteza watu. Serikali iliisimamisha Aprili 2023, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ukurasa wa zamani unaoeleza utaratibu wa zamani haujifuti wenyewe. Unabaki mtandaoni umetulia, umeshazoeleka na Google, na mwaka huu unaweza kumpeleka mtu ofisi isiyohusika na fomu isiyotumika.

FUNDI: Ndiyo maana nawaambia: jambo linalorudi kila mwaka lisipewe ukurasa mpya kila mwaka. Liwe na ukurasa mmoja, anwani moja, unaofanyiwa marekebisho na kuandikwa tarehe ya marekebisho. Kila anayeuwekea kiungo anauongezea uzito. Ukifungua mpya kila Julai, unajishindanisha mwenyewe.

MAMA: Haya ya mkopo na mikopo. Nilipoandika "mikopo" nikaona mengine. Kwa nini?

FUNDI: Swali hilo linanitoa jasho, mama. Programu hizi za kusaidia uandishi zimetungwa na watu wa lugha nyingine. Yoast, maarufu kuliko zote, asili yake ni Uholanzi. Unaiambia ukurasa wako unahusu nini, nayo inawasha taa ya kijani ukilirudia neno hilo inavyotaka. Kwa Kiingereza inajua kwamba umoja na wingi ni neno moja. Kwa Kiswahili inahesabu herufi kama zilivyo. Ukiahidi "kiwanja" kisha ukaandika "viwanja", inaona umetoka nje ya mada.

DALALI: Ndiyo maana ile tovuti yangu inasoma kama kasuku! Kiwanja Kisarawe, ukitaka kiwanja Kisarawe njoo kwetu kwa kiwanja Kisarawe.

FUNDI: Aliyekuandikia alikuwa anaifukuzia taa ya kijani. Taa ile si ya Google. Google yenyewe inajitahidi zaidi kuelewa, ingawa kwa Kiswahili bado inababaika.

Hapa niseme yangu kwa urefu kidogo, kwa kuwa waandishi wengi wa mambo haya huwanakili wenzao wa Ulaya na kulipita jambo hili. Lugha yetu inabadilisha mwanzo wa neno, na mashine nyingi zimezoea maneno yanayobadilika mwisho. Kiwanja, viwanja. Mkopo, mikopo. Kisha vitenzi: naomba leseni, kuomba leseni, maombi ya leseni, mwombaji wa leseni. Mtu mmoja mwenye shida moja anaweza kuiandika kwa sura tano, na ukurasa uliokariri sura moja unamkosa mara nne. Dawa yake haimo kwenye mipangilio. Ni kuandika kama mtu anayejua Kiswahili: umoja kwenye kichwa, wingi kwenye aya, kitenzi kwenye swali, jina la kitaalamu mara moja ili anayelijua alikute, na neno la mtaani mara mbili. Ukurasa ulioandikwa hivyo unasomeka vizuri na unapatikana vizuri, na taa ya plagini ikibaki ya rangi ya chungwa, iache iwake.

KIJANA: Samahani wakubwa, shikamooni. Mimi sijali taa. Nikitafuta majina ya walioitwa kwenye usaili Kibaha, tovuti ya halmashauri sioni. Naona blogu. Blogu imeandika kichwa "Majina ya walioitwa kwenye usaili Halmashauri ya Manispaa ya Kibaha", na mwaka. Nabonyeza.

AFISA: Wezi hao! Tangazo letu, jasho letu, wanalinakili na kuweka matangazo ya kamari pembeni.

KIJANA: Nakubali, bosi. Lakini wao wameandika nilichouliza, ninyi mmeandika TANGAZO.

AFISA: Na siku mmoja wao akibadilisha namba ya simu akaweka yake, ukatuma elfu thelathini ya "kushughulikiwa", utamlaumu nani?

KIJANA: Nitakulaumu wewe.

AFISA: Mimi?

KIJANA: Ningekuona kwanza, nisingefika kwake.

Afisa hakujibu, na mimi simjibii. Niongeze tu kwamba wale wanablogu, pamoja na uporaji wao, ndio waandishi hodari zaidi wa vichwa vya habari vya huduma za umma tulionao. Wanajua kwamba mzazi anaandika "matokeo ya darasa la saba", haandiki jina refu la mtihani kama lilivyo kwenye waraka. Kuwaziba mdomo ni rahisi kuliko kujifunza kwao, lakini wakizibwa, kijana atabaki bila chochote kwenye skrini.

AFISA: Lipo na la majina kubadilika. Mji wetu umepanda hadhi. Barua zote, mabango yote, risiti zote zina anwani ya zamani.

FUNDI: Hilo limewahi kuwakuta na wengine. Dodoma ilikuwa Manispaa, Aprili 2018 ikawa Jiji. Herufi za anwani zinafuata hadhi, kwa hiyo kila unapopanda, tovuti inahama. Kuhama si kosa. Kosa ni kuzima ya zamani usiku mmoja. Kila ukurasa wa zamani unatakiwa umpeleke mgeni kwenye ukurasa wake mpya, ule ule aliokuwa anautafuta, kwa kielekezo cha kudumu. Usimtupe kila mtu ukurasa wa mbele akajitafutie. Na anwani ya zamani iendelee kulipiwa miaka mingi, maana kuna shule imeibandika ukutani.

MAMA: Mimi nina la kuuliza, msinikasirikie. Haya yote ya nini? Wageni wangu wananipata Instagram. Napiga picha ya ukungu wa asubuhi juu ya msitu, wananitumia ujumbe, tunaelewana WhatsApp. Tovuti nailipia kila mwaka, sijui hata imeniletea nani.

FUNDI: Mama, ukurasa wa Instagram si wako. Mei 2025 mtandao wa X ulipofungiwa hapa nchini, waliokuwa wanauza kule tu walifanyaje?

MAMA: Walihamia Instagram.

Nampa mama alama hiyo. Fundi alitegemea hofu, akajibiwa kwa uzoefu. Ni kweli pia kwamba biashara ndogo nyingi za Kibaha hazihitaji tovuti; zinahitaji kuwepo kwenye ramani ya Google, jina lililoandikwa sawasawa, namba inayopokelewa, saa za kufungua zisizo za uongo, na picha ya mlango ili mtu asipitilize. Hiyo ni bure. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mkuza akiwa na hilo, mwambieni alale. Kwa mama wa nyumba ya wageni hali ni tofauti kidogo, kwa sababu mgeni wake anapanga safari akiwa mbali, pengine hamjui yeyote wa kumfuata Instagram, na anaanza kwa kuuliza swali.

FUNDI: Kabla hatujasahau, picha. Mama, ile ya ukungu imepandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Na wewe bosi, ukurasa wako wa mbele una picha sita zinazozunguka, viongozi wanakata utepe, kila moja nzito kuliko tangazo lote. Tangu Oktoba 2023 Google imekamilisha kuhamia kuzitazama tovuti kwa sura ya simu. Simu ya kawaida, mtandao wa Maneromango, picha sita za utepe.

AFISA: Hizo picha siwezi kuzitoa. Hizo usiziguse.

FUNDI: Basi zipunguze uzito tu. Viongozi watabaki walewale.

DALALI: Na maelezo ya picha? Niliambiwa niandike.

FUNDI: Andika anachokiona mtu: "kiwanja kilichopimwa, barabara ya vumbi, nguzo ya umeme mita chache". Anasomewa asiyeona, na mashine inafaidika humohumo. Usiandike bei poa.

MAMA: Haya, nimeshindwa. Nianzie wapi?

FUNDI: Watu wakikupigia simu wanauliza nini kwanza?

MAMA: Njia. Kama gari ndogo inafika wakati wa mvua. Kama wanaruhusiwa kuja na hema. Na kiingilio cha msituni kinalipwa wapi.

FUNDI: Hizo ni kurasa nne. Kila moja ianze na swali lenyewe, jibu liwe kwenye aya ya kwanza. Ziandike kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa wageni wa nje, kila lugha na ukurasa wake, usizichanganye. Baada ya miezi mitatu tutafungua Search Console ya Google, ni bure, inaonyesha maneno waliyoandika watu kabla ya kukuona. Hapo utajua kama imekuletea mtu.

AFISA: Na mimi nikitaka kufanya hivyo, nani ataandika? Ofisini tuko wawili na Mwenge unakaribia.

FUNDI: Ukurasa mmoja tu kwa wiki, bosi. Dirishani wanauliza nini zaidi?

AFISA: Leseni. "Leseni ya duka naipata wapi." Kutwa nzima. Nawaambia inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI, wanarudi kuniuliza TAUSI ni nini.

FUNDI: Huo ndio wa kwanza. Kichwa: "Leseni ya duka Kibaha: jinsi ya kuiomba kwa TAUSI." Jina refu la kiofisi liweke kwenye sentensi ya pili.

AFISA: Mkurugenzi atauliza kwa nini kichwa kinaongea lugha ya sokoni.

MAMA: Mwambie wenye maduka tuko sokoni.

AFISA: Nitamwambia "kwa mujibu wa mahitaji ya wananchi". Atasaini.

KIJANA: Na tarehe uiweke juu, bosi, siyo mwisho wa ukurasa. Kule mwisho hatufiki.